Siku ikijirudia miaka na miaka, mbona stelingi hachizi? Hizi stori za kitanzi cha muda zina mantiki kweli?

#1 Mzee wa Rimoti
Wakuu habari za muda huu.

Jana usingizi uligoma nikairudia Groundhog Day, ile ya 1993. Bill Murray ni mtangazaji wa hali ya hewa anaitwa Phil Connors, katumwa kimji cha Punxsutawney kule Pennsylvania kuripoti sherehe ya kile kijinyama cha kutabiri baridi, tarehe 2 Februari. Analala, saa kumi na mbili asubuhi redio inalia wimbo uleule na ni tarehe 2 tena. Na tena. Na tena.

Zamani nilikuwa nacheka tu nalala. Safari hii nimekwama sehemu mbili.

Moja, mantiki. Nani kamfunga humo? Kwa nini yeye? Kwa nini aachiwe siku ile na sio ya kabla yake? Muvi imekaa kimya kabisa kama vile hatutauliza.

Mbili, na hii ndo inaniuma zaidi, jamaa kakaa humo nasikia mwongozaji mwenyewe alisema miaka elfu kumi, anajifunza piano, anachonga sanamu za barafu, anaongea Kifaransa, alafu anatoka mpole, mcheshi, akili timamu na mpenzi juu. Miaka elfu kumi bila mtu hata mmoja anayekumbuka mliongea nini jana! Mimi nikikosa wa kuongea nae wikiendi moja tu naanza kujibizana na jokofu. Huyu alitakiwa atoke anakula majani. Tunadanganywa au mimi ndo sijaelewa?

#2 Chizi Mstaafu
Masuala ya kuchizi niachieni mimi nina uzoefu. Nimekaa siti ya mbele, wajuvi waje.

#3 Bint Kalamu
Mleta mada hiyo elfu kumi inatembea sana ila sio aliyoisema. Harold Ramis kwenye maelezo ya DVD alikadiria miaka 10, baadae akasema 10 ni michache, maana kuwa mzuri kwenye jambo lolote kunakula 10 peke yake, ukijumlisha na miaka aliyoichezea inafika 30 au 40. Kwahiyo punguza sifuri.

Kuhusu nani kamfunga, kwenye rasimu moja ya skripti sababu ilikuwepo. Mpenzi wake wa zamani, aliyemwacha vibaya, kamroga. Studio ndo walikuwa wanadai maelezo, yakaandikwa, mwishowe hayakuingia kwenye muvi. Na afadhali. Hebu fikiria ungeiangaliaje: kila asubuhi ungekuwa unasubiri amtafute yule dada, ampigie magoti, afunguliwe, aende zake. Kwa vile sababu haipo hata yeye hajui pa kuanzia, ndo maana anajaribu kila kitu, ulafi, wizi, kutongoza, kujiua, mpaka wema. Mimi naandika andika hadithi, na nakwambia swali la "kwa nini" ukilijibu mapema unaua swali la "sasa afanyeje", na hilo la pili ndo stori yenyewe.

#4 Mzee wa Rimoti
Kumbe alirogwa! Sasa hiyo ndo mantiki ninayoielewa mimi, waliikata ya nini. Na dada yangu 30 au 40 bado ni kifungo cha maisha, sifuri haijamsaidia mtu.

#5 Fundi Saa
Napingana na Bint Kalamu kiaina. Sababu sio lazima, ila SHERIA ni lazima. Edge of Tomorrow (2014), Tom Cruise afisa mwoga yuko vitani na madude yaliyovamia dunia, anarushiwa damu ya dude moja, tangu hapo akifa anaamka jana yake. Alafu mapema kabisa tunaambiwa ukipoteza damu ukaongezewa ya mtu mwingine uwezo unaondoka. Sheria moja tu hiyo, lakini imepindua kila kitu, kuanzia hapo jeraha linatisha kuliko kifo. Akiumia mazoezini Rita, yani Emily Blunt, anamlamba risasi waanze upya na sisi tunacheka. Ila ile anaamka kitandani anaona damu inaingia mkononi kwa mpira, ukumbi mzima ulishika kichwa.

Ukishaondoa kifo kwenye stori lazima ulete kitu kingine cha kuogopa. Groundhog Day hakipo. Phil anaogopa nini? Kuboreka?

#6 Kichwa Maji
Fundi Saa hiyo sheria yako tukufu wameivunja mwishoni mkuu, au uliondoka kabla. Siku zote akifa anaamkia juu ya mabegi pale Heathrow. Mwisho anakufa, damu ya dude mama, lile linaloyaongoza mengine, inamwingia, anaamka kwenye helikopta ndo kwanza anaingia London, yani mapema kuliko mara zote, na dude mama limeshakufa kabla hata yeye hajaenda kuliua. Walitaka Cruise atabasamu tu kabla taa hazijawashwa.

#7 Fundi Saa
Damu ya mama ina nguvu zaidi kwahiyo inamrudisha mbali zaidi. Mbona jepesi hilo.

#8 Kichwa Maji
Hiyo umeitunga sasa hivi ukiwa umekaa hapo. Kwenye muvi haimo. Kasome riwaya iliyotolewa muvi, All You Need Is Kill ya Hiroshi Sakurazaka, ya 2004. Kule stelingi Keiji na Rita wote vichwa vyao vimegeuka antena za adui, mmoja asipokufa kitanzi hakikatiki, basi wanapigana wenyewe kwa wenyewe na Rita anafia mkononi mwa mtu anayempenda. Mantiki ndo imeleta uchungu. Muvi ikachukua mantiki nusu, uchungu ikauacha mlangoni.

#9 Nesi wa Zamu
Nyie mnagombania damu wakati shimo kubwa liko kichwani. Naomba mnisikilize.

Kumbukumbu sio hewa. Kujifunza kitu ni mabadiliko ya kweli ndani ya ubongo, viungio vya seli za neva vinakaa vingine. Sasa kama usiku mwili unarudi ulivyokuwa, na ndo maana jamaa akijirusha kutoka mnarani asubuhi hana hata mchubuko, ubongo nao si sehemu ya mwili? Unarudi pia. Maana yake asubuhi hakumbuki chochote na hakuna stori. Huwezi kuurudisha mwili wote ukaruka kilo moja na nusu pale juu. Piano je? Ustadi wa vidole unakaa humohumo kichwani, sawa tuseme umebaki, ila misuli imerudi ileile ya mtu ambae hajawahi kugusa kinanda.

Waliojaribu kuliheshimu hili ni Star Trek, ile tamthilia ya meli ya angani, kuna episodi ya 1992 inaitwa Cause and Effect. Meli inalipuka inarudi, inalipuka inarudi, na HAKUNA anayekumbuka, wanabaki na hisia tu kwamba haya maneno tulishayasema. Inabidi Data, yule roboti wao, ajitumie namba moja tu, 3, kupita upande wa pili, wala hajui maana yake mpaka dakika ya mwisho. Hiyo ndo naiita adabu.

Na tukikubali kwamba anakumbuka, kusahau je? Ebbinghaus, Mjerumani mtafiti wa kumbukumbu, tangu 1885 alionyesha usipokirudia kitu kinafutika, na kinafutika haraka mwanzoni. Phil miaka 30 anarudia mji ule tu. Alitakiwa awe amesahau nyumbani kwake kulivyo, amesahau bosi wake anaitwa nani, sura ya mama yake imebaki ukungu. Akitoka tarehe 3 awe hajui anarudi wapi. Sijaona muvi iliyothubutu hapo.

#10 Chizi Mstaafu
Nesi nilikuwa naipenda hii muvi. NILIKUWA.

#11 Popo wa Usiku
Ipo nesi, Palm Springs ya 2020. Nyles kakaa kwenye kitanzi mpaka Sarah, dada aliyekwama nae humo, anamuuliza kabla ya haya ulikuwa unafanya kazi gani, jamaa anajibu hakumbuki. Wanapita wanaendelea na stori nyingine kama utani lakini mimi niliirudisha nyuma. Humo kuna ugonjwa wote uliousema.

#12 Nesi wa Zamu
Asante Popo, naitafuta leoleo.

#13 Dada wa Pili
Mie huwa napita kimya tu humu ila hii mada imenigusa penyewe.

Mama yangu alipata ugonjwa wa kusahau, nilimuuguza mimi. Kila asubuhi anauliza baba yenu yuko wapi. Baba alishafariki. Siku za mwanzo nilikuwa namwambia ukweli na kila siku alikuwa anapata msiba mpya, analia kama ndo kaambiwa sasa hivi, na kwake kweli ilikuwa sasa hivi. Baadae nikajaribu kubadilisha somo. Nikajaribu kusema ametoka kidogo, akawa anakaa mlangoni anamsubiri mpaka giza. Taratibu nikayapata maneno yanayofanya kazi, nikajua baada ya jibu lipi ataniuliza nini, nikajua na sauti ya kutumia na upande wa kukaa. Wageni walikuwa wanasema una subira wewe mtoto, mama yako ana bahati.

Haikuwa subira. Nilikuwa nimekariri. Siku nyingine mdomo unamjibu kwa upole mtamu kabisa na mimi kichwani sipo. Kwahiyo mleta mada ukiuliza kwa nini Phil hachizi, mimi nakwambia unaweza usichizi, ukawa tu hodari. Na uhodari ule kuna siku ulinitisha kuliko ningechizi. Nikiiangalia ile muvi pale mwishoni anapita mjini anawadaka watu kabla hawajaanguka, anabadilisha tairi la wale bibi, kila mtu anampenda, mie najiuliza huyu yupo au amekariri?

#14 Bint Kalamu
Dada wa Pili pole sana. Na umeuliza swali kali kuliko yote humu.

#15 Mzee wa Rimoti
Pole dada. Hiyo ya kukariri imenikaa kooni, maana ndo inanipeleka kwa Rita. Sio Rita wa vita, Rita wa kwanza, Andie MacDowell. Jamaa anamjua miaka, anajua anapenda nini, alisoma nini chuoni, anaota nini. Dada wa watu amemjua saa ishirini na nne, na mpaka jana yake alikuwa anamwona mshenzi. Alafu asubuhi wanaongelea kuhamia mji ule pamoja? Huyo dada angekuwa ndugu yangu ningeomba kikao.

#16 Wakili wa Shetani
Mzee hapo ndo muvi imekutangulia. Kumbuka ile sehemu anatumia taarifa alizokusanya, anajifanya anapenda anachopenda Rita, anaagiza kinywaji anachoagiza Rita, kinachofuata ni makofi, usiku baada ya usiku. Muvi yenyewe inasema njia hii ni utapeli na haitafika. Inafika siku ambayo hamtegei tena, yuko bize na mambo ya watu wengine na Rita ndo anamfuata. Kwahiyo kisa cha mapenzi kina mantiki, hakitegemei Rita kujua miaka yote ile, kinategemea Phil kuacha kuitumia.

#17 Popo wa Usiku
Utetezi mzuri ila bado mmoja anajua na mwingine hajui. Kuacha kutumia karata hakufuti kwamba umeziona. Ndo maana narudi kwa Palm Springs, pale wote wawili wako ndani, hakuna aliyemzidi mwenzie. Na hata pale jamaa alimdanganya Sarah kwamba kabla yake hawajawahi kulala pamoja kumbe ilishatokea mara kibao ambazo Sarah hakuwa na kumbukumbu nazo, na siri ilipotoka ndo kila kitu kikavunjika. Sarah alivyokasirika pale, hiyo ndo hasira ambayo Rita hakupewa nafasi ya kuwa nayo.

#18 Fundi Saa
Kama mnataka utapeli wa kweli angalieni Source Code (2011). Mwanajeshi anatumwa ndani ya dakika 8 za mwisho za mtu mwingine kwenye treni inayoenda Chicago, anatafuta bomu. Sawa. Mwishoni anabaki kwenye mwili wa yule mwalimu, Sean, moja kwa moja, anatembea na Christina mjini, muziki mtamu. Sean yuko wapi jamani? Christina anampenda nani? Anadhani ni mtu anayesafiri nae kila asubuhi. Hakuna aliyeuliza na muvi ikaisha kama harusi.

#19 Kichwa Maji
Fundi Saa leo umeongea. Hii moja nakuunga mkono, usizoee.

#20 Gemu Ova
Sisi wa magemu tunawashangaa. Kufa na kuanza upya ndo maisha yetu na mbona tunalia vizuri tu. Nawapa mbili.

Majora's Mask ya mwaka 2000, mwezi unadondoka, una siku 3, ukipiga ocarina, kile kifilimbi, unarudi siku ya kwanza. Kila uliyemsaidia amesahau, tatizo lake limerudi vilevile, na muda wa mzunguko mmoja haukutoshi kuwasaidia wote. Kuna wachumba wawili Anju na Kafei, unahangaika siku zote tatu kuwakutanisha, wanakutana zimebaki dakika chache mwezi uwapige, na wanakwambia wewe nenda, sisi tutabaki hapa. Alafu ili uendelee na gemu inabidi urudishe muda. Unawafuta WEWE mwenyewe kwa kidole chako. Hakuna muvi itakayokufanyia hivyo kwa sababu kwenye muvi kosa ni la stelingi.

Ya pili Outer Wilds (2019), jua linalipuka kila baada ya dakika 22. Mwanzoni unakimbia kimbia kutafuta namna ya kulizima. Siendelei kwa walio njiani, niseme tu kwamba mwishoni swali sio kulizima tena.

Na hapa hoja ya nesi ya ubongo inakufa kifo cha kawaida, anayekumbuka ni mimi nilieshika rimoti ya gemu, sio yule kwenye skrini.

#21 Nesi wa Zamu
Haijafa mkuu. Umeipeleka tu kwenye ubongo mwingine ambao haukurudishwa. Umenithibitishia.

#22 Chizi Mstaafu
Hapo Gemu Ova ungerudi siku ya kwanza ujaribu jibu lingine.

#23 Mla Katuni
Mleta mada anatafuta stelingi aliyechizi, kwani hajaona ile katuni ya Kijapani Re:Zero? Stelingi Subaru akifa anarudi nyuma, akitaka kumwambia mtu siri yake mkono usioonekana unambana moyo. Ameona marafiki zake wanakufa vibaya, anarudi wanamwangalia kama wamekutana leo asubuhi, na anavunjika kabisa, anapayuka, anakuwa mbinafsi, anamkera mpaka mtazamaji. Watu walimchukia kweli. Kwahiyo ukiandika mtu aliyeharibika kihalisia mashabiki wanasema stelingi gani huyu mlialia, ukiandika aliyetulia mleta mada anafungua uzi.

Katuni nyingine ni Haruhi, mwaka 2009 walirusha episodi 8 mfululizo za stori ileile, Endless Eight, likizo haiishi. Nguo zinabadilika, pembe za kamera zinabadilika, wamechora upya na kurekodi sauti upya, lakini kinachotokea ni kilekile. Ndani ya stori wamezunguka mara 15,532 na binti mmoja kati yao, Nagato, peke yake ndo anazikumbuka zote. Watu walitoka povu balaa.

#24 Bint Kalamu
Mla Katuni umenichukulia mfano wangu. Siri ya hizi stori zote ni kuruka. Hatuoni miaka 30 ya Phil, tunaona vipande vya dakika chache chache na akili yetu inajaza. Anagusa kinanda vibaya, anagusa afadhali, anapiga kama malaika. Endless Eight walikataa kuruka, wakasema na wewe kaa humu kidogo, na tukagundua hakuna mtazamaji anayeutaka ukweli huo. Wanaolilia uhalisia wa hisia wanalilia uhalisia uliokatwa vizuri. Mimi Nagato yule asiye na sauti wala sura ya kulia aliniumiza kuliko machozi ya Subaru, maana nilishaanza kuchoka mimi mwenyewe nikajua yeye amechoka kiasi gani.

#25 Kichwa Maji
Bint Kalamu mimi episodi ya tatu nililala. Ya nne nililala. Hakuna kilichoniumiza zaidi ya shingo.

#26 Msomaji Kimya
Salaam. Naona mnaenda na muvi tu. Kuna riwaya za Mdenmark Solvej Balle, jina kwa Kiingereza On the Calculation of Volume, kitabu cha kwanza kilitoka 2020. Mwanamke anaitwa Tara Selter, anakwama tarehe 18 Novemba. Sasa tofauti yake ni hii: yeye kitanzi hakifuti kila kitu. Aliungua mkono, kidonda kinapona siku kwa siku, kovu linabaki. Anazeeka. Na anachokula kinaisha kweli, rafu za duka anakonunua zinabaki tupu hata asubuhi ikirudi, mpaka anaanza kujiona mdudu anayeitafuna dunia.

Na kuna mume, Thomas. Mwanzoni anamweleza kila asubuhi kilichotokea, mume anamwamini, wanashinda pamoja wanatafuta jibu, wanalala, asubuhi mume hana habari. Anaanza tena kumweleza. Inafika wakati anachoka kueleza, anahamia chumba kingine cha nyumba hiyohiyo, anaishi kwa kujificha anasikiliza nyayo za mumewe. Hakuna vita hakuna bomu. Fundi Saa uliuliza cha kuogopa bila kifo, nadhani ni hicho, kuishi na unayempenda ukachoka kumweleza.

Kwahiyo mimi naona kuna vitanzi vya aina mbili, kinachofuta na kinachorundika. Nesi shida zako nyingi ni za kinachofuta.

#27 Popo wa Usiku
Kinachorundika kuna Triangle (2009). Watu wako kwenye meli tupu baharini, hakuna kinachofutika, kila mzunguko unaacha mabaki. Dada mmoja aliyejeruhiwa anajiburuza mpaka sehemu ya wazi ya meli, anakuta maiti zimelundikana. Zote ni zake. Nilizima nikawasha taa, nikaendelea kesho yake mchana.

#28 Mama Wawili
Nyie mnaangalia saa ngapi hizo, mie nikifika nusu nishaitwa.

Ila kwangu kipande kinachoifanya Groundhog Day iaminike ni yule mzee ombaomba. Phil anampita kila siku, siku moja usiku mzee anakufa, Phil anarudi kesho anamlisha, anampeleka ndani, anampulizia pumzi, na anakufa tu. Kila usiku anakufa. Nesi hospitali kamwambia siku zake zimefika na yeye anabisha, sio leo. Mnasema hana cha kuogopa, mbona hicho hapo? Mtu mwenye siku zisizoisha ameshindwa kumpa mwenzie moja. Ni kama dakika mbili tu lakini baada ya pale ndo nikaanza kuamini kwamba amebadilika.

#29 Fundi Saa
Mama Wawili hapo umenibana. Ila dakika mbili katika muvi nzima, bado wangempa zaidi.

#30 Daktari wa Mitaala
Naona wote mnakimbia jibu rahisi: kitanzi ni maradhi ya moyo yaliyovalishwa nguo za stori. Kwenye tamthilia ya Russian Doll (2019), Nadia anafikisha miaka 36 na anakufa usiku wa sherehe yake, anarudi bafuni kwenye kioo kilekile. Miaka 36 ni umri ambao mama yake hakuuvuka. Kila akirudi vitu vinapungua, matunda yanaoza, watu wanatoweka. Hata mantiki ya kitanzi inafuata kidonda chake, na hakitoki mpaka amsaidie Alan, mwenzie aliyekwama pia, na Alan amsaidie yeye. Sheria za dude na damu ni mapambo tu.

#31 Wakili wa Shetani
Daktari siku hizi kila kitu kidonda cha utotoni. Paka akikwama juu ya mti ni kidonda cha utotoni. Kama kitanzi ni ugonjwa wa moyo tu basi Sarah wa Palm Springs asingesoma fizikia ya kwanta mpaka akaijua, akamlipua mbuzi pangoni kujaribu hesabu zake. Alitoka kwa kusoma, hakutoka kwa kulia. Na ndo maana nampenda.

#32 Daktari wa Mitaala
Alienda kusoma kwa sababu hakuvumilia kuamka kila siku kwenye kile chumba alichoamkia. Angalia tena anaamkia chumba cha nani.

#33 Wakili wa Shetani
...ngoja kwanza nakuja.

#34 Profesa Kandambili
Niongeze moja inayoninyima raha. Kila Cruise akifa "siku" inaanza upya kwake. Kwa wale aliowaacha je? Askari waliobaki ufukweni wanazimika kama taa, au dunia yao inaendelea bila yeye, wanazika, wanashindwa vita, wajane wanabaki? Kama inaendelea basi kila alipompigisha Rita risasi ili "waanze upya" alimwachia Rita mmoja maiti na vita isiyo na tumaini. Kama inazimika basi anaua dunia nzima kila akikosea hatua. Muvi zote zinachagua kutokuuliza, na haki yao, maana hakuna atakayeweza kumpenda stelingi baada ya hapo.

Mwanafalsafa Nietzsche mwaka 1882 alilileta wazo la maisha kujirudia yaleyale milele, ila kwake hubadilishi hata punje. Anauliza tu pepo akikwambia habari hiyo utasaga meno au utafurahi. Hizi stori zetu ni kinyume chake kabisa, zinatubembeleza kwamba ipo nafasi ya kurekebisha.

#35 Chizi Mstaafu
Profesa sisi tulikuja kumjadili Bill Murray.

#36 Mzee wa Rimoti
Nimewasoma wote. Msimamo wangu haujahama sana. Bint Kalamu anataka nisiulize sababu, Fundi Saa anataka sheria ambazo mwenyewe hazilindi, Daktari anataka nilie. Anayenisumbua ni Dada wa Pili, maana kama Phil amekariri tu basi ile tarehe 3 Februari ndo siku ya hatari kuliko zote. Hana skripti. Rita akisema neno ambalo hajawahi kulisema atajibu nini? Ningelipia kuiona hiyo tarehe 3 kuliko zile tarehe 2 zote.

#37 Dada wa Pili
Atababaika. Mama akiniuliza kitu kipya nilikuwa nababaika mpaka anacheka yeye.

#38 Gemu Ova
Mzee usisahau Run Lola Run, ya Ujerumani 1998. Lola ana dakika 20 kupata mark 100,000, anakimbia mara tatu. Hiyo sio kitanzi wala nini, ni stori moja imesimuliwa mara tatu, hakumbuki kitu, kwahiyo shida ya nesi haipo.

#39 Nesi wa Zamu
Anakumbuka! Mara ya kwanza hajui kutoa kizuizi cha bastola mpaka aelekezwe. Mara ya pili anakitoa mwenyewe bila kuambiwa na mtu. Alijulia wapi?

#40 Kichwa Maji
Alibahatisha.

#41 Nesi wa Zamu
Kichwa Maji, mtu hajawahi kushika bastola maisha yake yote anabahatisha kizuizi ndani ya sekunde moja mbele ya baba yake na mlinzi wa benki? Kaangalie tena mikono yake pale alafu uje na hoja, usije na "alibahatisha".

#42 Kichwa Maji
Naenda kuangalia. Fundi Saa usije ukasema ni damu.